Kamina: Sifuri moja katika ndoo ya klorini, na maisha ya mhudumu wa afya

Ndoo moja imeandikwa 0,5. Ya pili imeandikwa 0,05. Maji ya ndoo ya kwanza ni ya kusafisha sakafu, vitanda na mahali palipomwagika damu au matapishi. Ya pili ni ya kunawa mikono pale ambapo sabuni imekosekana. Kwa macho, tofauti ni sifuri moja tu. Kwa ngozi na kwa vijidudu, ya kwanza ina nguvu mara kumi. Anayezichanganya anaweza kuwaunguza wenzake mikono mpaka wachukie kunawa, ama akapangusa matapishi ya mgonjwa wa kipindupindu kwa maji yasiyo na nguvu ya kutosha, kisha akaenda nyumbani akijua kwamba amefanya kazi yake.

Hesabu yenyewe si ngumu ukishaielewa. Kwa poda ya klorini ya asilimia 70, lita moja ya maji inataka gramu 7 hivi ili kufikia 0,5. Kwa bidoni la lita 20 ni gramu 140 na kidogo. Kwa maji ya mikono unapunguza mara kumi: sehemu moja ya maji yale makali, sehemu tisa za maji safi. Lakini kituo chenye mizani ya kupima poda ni kimoja kati ya vingi. Kwingine ni kijiko, na kila kijiko kina ukubwa wake. Tena anayeshika kijiko hicho asubuhi mara nyingi si munganga wala muuguzi. Ni mfanyakazi wa usafi.

Covid-19 ilipoingia nchini mwezi wa tatu 2020, mazungumzo yalikuwa juu ya vifaa: barakoa ngapi zimefika, glavu ngapi, oksijeni iko wapi. Maswali hayo yalikuwa ya haki. Tarehe 3 mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba wahudumu wa afya duniani wangehitaji barakoa milioni 89 na glavu milioni 76 kila mwezi, na viwanda havikuweza kuzitoa. Swali lingine halikuulizwa sana, hasa kwa miji iliyo mbali na Kinshasa kama Kamina: mhudumu mwenyewe ameelewa nini juu ya ugonjwa huu? Anapata habari wapi, kwa lugha gani, na akisikia maneno mawili yanayopingana, anaamua vipi?

Mji wa njia panda

Kamina ni makao makuu ya Haut-Lomami, jimbo lililozaliwa 2015 wakati Katanga ilipogawanywa. Reli ya SNCC inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapo. Njia moja inaelekea Kasai mpaka Ilebo, nyingine inapanda kuelekea Kabalo, na kutoka huko watu wanafika Kindu au Kalemie. Abiria wanashuka, wanangoja siku nzima au zaidi, wanakula sokoni, wanapanda tena. Ugonjwa unaosafiri na watu haukosi kusimama katika mji wa namna hiyo.

Na jimbo hili halikungoja Corona ili lijue mlipuko ni nini. Kipindupindu kimefanya makao kandokando ya Lualaba na maziwa ya Upemba, upande wa Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu. Mwaka 2017 Haut-Lomami ilikuwa kati ya majimbo yaliyopata polio inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika, na mwezi wa pili 2018 serikali ilitangaza polio kuwa hatari kwa afya ya taifa zima. Kisha ikaja surua ya 2019, iliyoua zaidi ya watu 7 000 nchini, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Surua hiyo ilitangazwa kumalizika mwezi wa nane 2020, Covid-19 ikiwa tayari ina miezi mitano ndani ya nchi. Wahudumu wa Haut-Lomami waliingia katika janga la dunia wakiwa wachovu, lakini hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Watu wa Kinshasa na wa ng'ambo waliotuma maagizo walisahau mara kwa mara jambo hilo.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu. Tarehe 24 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura na kusimamisha safari za abiria kati ya Kinshasa na majimbo. Vipimo vya mwanzo vilifanyika INRB, maabara ya taifa kule Kinshasa. Kwa muuguzi wa kituo cha afya kilicho mbali, maana yake ilikuwa hii: mtu anakohoa mbele yako leo, na jibu la kipimo, kama kipimo kimechukuliwa, litakuja baada ya siku nyingi. Katika siku hizo unamtunza kila anayekohoa kana kwamba anayo Corona, ama unawatunza wote kana kwamba hakuna aliye nayo. Hakuna mashine ya kukusaidia kuchagua. Ni kile ulichokielewa tu.

Karatasi inaposhuka kutoka Kinshasa

Mafunzo ya afya nchini Kongo yanashuka kama maji ya mlimani. Wataalamu wa Kinshasa wanafundisha watu wa jimbo, watu wa jimbo wanafundisha watu wa eneo la afya, na wale wanamfundisha mkuu wa kituo, ambaye naye anatakiwa kuwaeleza wenzake. Kila ngazi inapunguza kitu. Semina ya siku tano inakuwa ya siku mbili, ya siku mbili inakuwa mazungumzo ya saa moja chini ya mwembe, na mwisho inabaki karatasi iliyobandikwa ukutani.

Karatasi hiyo ni ya Kifaransa. Muuguzi wa A2 au A1 amesoma kwa Kifaransa, ataisoma. Lakini kazi ya siku nzima inafanyika kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Akitaka kumweleza mama wa kijijini kwamba mtu anaweza kubeba ugonjwa na kuugawa kabla hajasikia homa, anapaswa kutafuta maneno mwenyewe. Kutafsiri kwa namna hiyo ndiko kunakoonyesha kama mtu ameelewa ama amekariri. Anayejua kwa nini tunahesabu siku 14 ataeleza kwa mfano wa mbegu iliyo ndani ya udongo. Aliyekariri atarudia neno la Kifaransa, na mama atatikisa kichwa kwa heshima na kuondoka.

Tatizo la pili ni kwamba maagizo yenyewe yalibadilika. Mwezi wa tatu 2020 OMS ilisema wazi kwamba virusi hivi havisafiri hewani kama vile vya surua. Baadaye ikakubali kwamba katika vyumba vilivyofungwa, visivyo na hewa ya kutosha, vinaweza kubaki hewani. Kwa miezi ya kwanza ilisema barakoa si ya kila mtu. Tarehe 5 mwezi wa sita ikapendekeza barakoa za kitambaa pale ambapo watu hawawezi kuachana nafasi. Mwezi wa tano ilikumbusha pia kwamba kumnyunyizia mtu klorini mwilini hakumkingi na kunamuumiza, wakati ambapo miji mingi duniani ilikuwa inanyunyizia barabara na hata wapita njia.

Kwa mtu aliyezoea namna sayansi inavyotembea, hayo ni kawaida: unajifunza, unasahihisha. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba agizo la afya ni kama amri ya kanisa, kubadilika ni kuungama kwamba ulidanganya. Na hapo uvumi ulipata mlango. Simu zilikuwa zinaleta sauti na video kila saa, zikisema kwamba Corona ni ugonjwa wa wazungu na wa matajiri, kwamba jua la Afrika linaiua, kwamba wagonjwa wanahesabiwa ili pesa ziingie. Mtu wa mtaani anaposikia hayo, anamwuliza nani? Anamwuliza muuguzi anayekaa nyumba ya tatu. Simu ya muuguzi huyo nayo imepokea video ileile.

Mambo ya chanjo yalionyesha hilo waziwazi. Tarehe 2 mwezi wa tatu 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1,7 za AstraZeneca. Kazi ya kuchanja ilikuwa ianze siku chache baadaye. Serikali ikaisimamisha kwanza kwa tahadhari, kwa kuwa nchi za Ulaya zilikuwa zinachunguza visa vya damu kuganda. Ilianza tarehe 19 mwezi wa nne, na watu waliojitokeza walikuwa wachache kiasi kwamba dozi karibu milioni 1,3 zilipelekwa nchi nyingine za Afrika zisije zikaharibika. Wahudumu wa afya walikuwa kati ya watu wa kwanza kupewa nafasi, na si wote walioichukua. Katikati ya mwaka ule Rais mwenyewe alisema hadharani kwamba alikuwa na mashaka na chanjo hiyo. Alichanjwa mwezi wa tisa. Ni vigumu kumlaumu muuguzi wa kijijini kwa kusitasita, kama mkuu wa nchi naye alisita.

Masomo yaliyolipiwa kwa damu

Nchi hii inayajua haya kuliko nyingine nyingi. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, upande wa Équateur, wauguzi walikuwa wanapewa sindano tano kila asubuhi. Tano kwa watu wote wa siku ile. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilioshwa tu kwa maji ya moto kidogo. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulipita ndani ya sindano hizo. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa kwa sababu hapakubaki mtu wa kuifungua. Profesa Jean-Jacques Muyembe, wakati ule kijana aliyetumwa kuchunguza, ameeleza mara nyingi kwamba alitoa damu ya wagonjwa mikono mitupu na kuiona ikimwagika vidoleni. Kilichomwokoa, asema, ni maji na sabuni.

Kikwit, 1995: fundi wa maabara alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa ambao haukujulikana, na waliomzunguka mezani wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Katika wagonjwa 315 wa mlipuko ule, 80 walikuwa wahudumu wa afya, na kati ya waliokufa kulikuwa na masista sita wa Kiitalia. Vifaa vya kinga na mafunzo vilipofika, maambukizi ya wahudumu yalikatika karibu kabisa. Waganga walioandika juu ya Kikwit wanataja muuguzi mmoja aliyeambukizwa hata baada ya hapo. Alikuwa anavaa kila kitu jinsi inavyotakiwa. Alijikuna macho akiwa na glavu chafu.

Kisa hicho kinastahili kusimuliwa katika kila shule ya uuguzi ya Kamina kabla ya kufungua boksi la glavu. Glavu hailindi mtu asiyejua mkono wake uko wapi. Wakati wa Corona ilionekana mara nyingi: mtu anavaa glavu asubuhi, anampima mgonjwa, anashika simu, anapokea pesa, anarekebisha cache-nez yake, anampima mgonjwa mwingine. Glavu ileile. Mkono mtupu unaonawiwa unashinda glavu ya namna hiyo. OMS inahesabu nyakati tano za kunawa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi mkubwa kama kuchoma sindano, baada ya kugusa damu au maji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Ile ya mwisho ndiyo inasahaulika zaidi, maana kitanda hakikohoi.

Mashariki mwa nchi, Ebola ya 2018 hadi 2020 iliugusa mwili wa watu 3 470 na kuua 2 287. Wahudumu walioambukizwa walikuwa 171, karibu asilimia tano. Kikwit ilikuwa robo. Hatua kubwa imepigwa. Lakini wengi wa wale 171 hawakuambukizwa ndani ya vituo vya Ebola vyenye uzio na mavazi meupe. Walikuwa katika dispansari za kawaida, nyingine za watu binafsi, wakimtunza mtoto mwenye homa wakidhani ni malaria. Mahali palipojulikana kuwa pa hatari watu walijilinda. Pale palipoonekana salama ndipo walipoumia. Kwa Covid-19 ilikuwa vilevile: chumba cha kupumzikia, watu wameondoa barakoa ili wanywe chai pamoja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi la kiangazi.

Duniani kote OMS imekadiria kwamba kati ya mwezi wa kwanza 2020 na wa tano 2021 wahudumu wa afya kati ya 80 000 na 180 000 walikufa kwa Covid-19. Kongo nzima iliandikisha vifo 1 460 na kidogo vya watu wa kila namna. Idadi hiyo ndogo ilifanya wengi waamini kwamba tahadhari zote zilikuwa kelele bure. Hata hivyo idadi inategemea vipimo, na vipimo havikufika kila mahali.

Nani anaitwa mhudumu?

Orodha ya semina huanza na waganga, kisha wauguzi, wakunga, watu wa maabara. Mfanyakazi wa usafi, mlinzi wa mlango anayepima homa, dereva wa ambulansi, mtu wa chumba cha maiti, hao wanaitwa mwisho, wakati pesa za semina zimebaki kidogo. Wajumbe wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba bila mshahara wanapewa fulana na kipaza sauti kabla ya kupewa maelezo. Lakini ukifuata njia ya kijidudu ndani ya hospitali, ni kama orodha hiyo imegeuzwa juu chini. Mganga anapita dakika kumi. Anayebeba ndoo anakaa siku nzima.

Na anayebeba ndoo anastahili kuelezwa sababu, si amri tu. Kwa nini uchafu uondolewe kwanza kabla ya kumwaga klorini? Kwa sababu damu na matapishi vinaimaliza nguvu kabla haijafikia kijidudu. Kwa nini maji ya jana yamwagwe? Kwa sababu klorini inapotea, haraka zaidi ndoo ikiwa wazi na juani. Ukimwambia tu "badilisha kila siku", siku poda ikiwa chache ataongeza maji ili ifike wiki. Si uvivu. Anataka kuokoa mali ya hospitali.

Pombe ya kunawia mikono ni mfano mwingine. Fomula ya OMS inaruhusu duka la dawa la hospitali kujitengenezea yake: etanoli mpaka asilimia 80, gliserini kidogo, oksijeni maji kidogo zaidi, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisha chupa zinakaa saa 72 kabla ya kugawiwa, ili mbegu za vijidudu zilizobaki ndani ya pombe au chupa zife. Asiyejua sababu ya saa hizo 72 atagawa siku ileile, kwa nia njema, maana wodi zinangoja. Na wapo waliopendekeza lutuku badala ya etanoli. Lutuku inafahamika kwa ukali wake, lakini haifikii kiwango hicho, hata iwe ya mzee gani.

Kuelewa peke yake hakujazi bidoni. Ripoti ya OMS na UNICEF ya 2022 ilisema kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havina mahali kamili pa kunawia mikono, penye maji na sabuni au pombe, karibu na mgonjwa na chooni. Kamina nako maji ya REGIDESO hayafiki kila mtaa, na bomba likikauka mtu anachota kisimani. Kuna pia wahudumu wengi wa serikali wasio na mshahara wa serikali: wanaishi kwa sehemu ya pesa anazolipa mgonjwa. Mtu wa namna hiyo akianza kukohoa, kumwambia akae nyumbani siku 14 ni kumwambia watoto wake walale njaa. Anaielewa karantini vizuri kabisa, na anakuja kazini. Mafunzo ambayo hayagusi jambo hilo yatabaki ukutani na karatasi yake.

Tarehe 14 mwezi wa nane 2024 OMS ilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia, Kongo ikiwa katikati ya mlipuko. Huu si ugonjwa wa kukoholeana tu. Unapita hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na pia kwa nguo, taulo na shuka zilizolaliwa na mgonjwa mwenye vidonda. Katika hospitali nyingi za Kongo shuka hizo hazifuliwi na hospitali. Zimetoka nyumbani, na zinafuliwa nyuma ya wodi, katika beseni, na mama au dada wa mgonjwa, kwa mikono mitupu. Jina lake haliko katika orodha ya semina yoyote.